Pikapu ya zamani, breki na stelingi: ununue nini kwanza ukiwa Dodoma

Ukishuka mlima Saranda kutoka Manyoni kuja Bahi, umebeba tani moja ya alizeti, ndipo utajua kama breki zako zilitengenezwa au ziliombewa tu. Safari moja Hilux yangu, LN106 ya dizeli, ilikuwa ndiyo kwanza imetoka gereji na pedi mpya. Katikati ya mteremko pedali ikalainika, nikakanyaga tena ikazama mpaka sakafuni. Nilishuka kwa gea ya pili na breki ya mkono, injini inalia, utingo wangu kimya kwa mara ya kwanza tangu Singida. Pedi hazikuwa na kosa. Mafuta ya breki yalikuwa ya siku nyingi, yameshanyonya unyevu wa hewani, na joto la mteremko likayachemsha.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu wa manunuzi umepinduka. Wenzangu wengi wenye pikapu za zamani huanza na vitu vya kuonyesha: pawa stelingi, diski za nyuma, rimu pana. Mimi naanza na vile visivyoonekana. Mpangilio huu nimeujenga juu ya Hilux za 1988 hadi 1997, lakini mwenye Land Cruiser au Nissan ya umri huo hatapotea akiufuata.

1. Mafuta ya breki na hosi paipu

Hakuna hela ndogo itakayokurudishia kingi kama hii. Mafuta haya yana madaraja yaitwayo DOT: DOT 3 mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 mpya ni 230, na iliyonyonya maji ni 155. Kwa anayebeba mzigo nasema DOT 4, kwenye chupa ndogo iliyofungwa na lakiri yake haijaguswa. Ukiuziwa mafuta ya kupimiwa kutoka kwenye dumu lililo wazi, acha. DOT 5 pia iache, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na haya mengine. Na mtu asikwambie kwamba mafuta ya injini au ya hidroliki "yatakufikisha tu". Yatavimbisha raba zote za mfumo, na bili utakayoletewa utaiona.

Hosi paipu za mpira ndizo zinazodanganya mafundi wengi. Nje inaonekana nzima, ndani imevimba na kuziba. Mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu wako lakini hayarudi, basi gurudumu moja linabaki limebanwa, linapata moto, na gari inavuta upande. Utaambiwa ni kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Badilisha hosi zote, za mbele na ile ya nyuma inayoshuka kwenye ekseli, kabla hujanunua kalipa yoyote. Zilizosukwa kwa waya wa chuma ni nzuri kama zimefungwa kiwandani. Za mtumba usinunue hata ukipewa bure. (Ukiuliza vya mtumba Dodoma, subiri kidogo wajue humaanishi Mtumba ya mji wa serikali.)

2. Tairodi endi, bolijointi na beringi

Breki nzuri kwenye stelingi inayocheza ni hatari, maana ukikanyaga kwa nguvu gari inachagua njia yake. Kabla ya kununua, pima mwenyewe. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, kosa liko kwenye beringi ya gurudumu, au bolijointi (kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu), au kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) kwa zile za ekseli nzima kama LN106. Shika kushoto na kulia: hapo unatafuta tairodi, fimbo zinazogeuza magurudumu. Kisha gari iteremshwe, mtu azungushe usukani kidogo kidogo huku na huku, wewe uko chini unaangalia ni kiungo gani kinachelewa kufuata. Kwa Hilux zisizo za 4x4 angalia na aidla amu, mkono unaoshikilia fimbo za stelingi upande wa pili wa boksi. Hiyo huwa inasahauliwa.

Nunua tairodi za kampuni inayojulikana, pande zote mbili kwa pamoja, zenye raba ngumu ya kuzuia vumbi. Vumbi la barabara za Mvumi na Hombolo likishaingia, grisi inageuka msasa. Kiungo kilichopasuka au kupinda hakichomelewi. Fundi akileta mashine ya kuchomelea karibu na mkono wa stelingi, chukua funguo zako uondoke.

Na boksi la stelingi? Lina skrubu juu, na wengi huikaza ili usukani uache kucheza. Ukiikaza kupita kiasi, usukani unakuwa mgumu katikati, haurudi wenyewe baada ya kona, na meno yanalika haraka. Maliza tairodi kwanza. Mara nyingi boksi halikuwa na shida.

3. Masta silinda na busta

Masta ndiyo inayosukuma mafuta ukikanyaga, busta inaongezea mguu nguvu. Simamisha gari, kanyaga pedali taratibu na uishikilie. Ikizama polepole na hakuna mafuta yanayovuja nje, masta imechoka ndani. Seti ya raba ni rahisi, ila kama ukuta wa silinda umeshaota mikwaruzo, raba mpya haitamaliza msimu. Nunua masta nzima.

Busta nayo ina kipimo chake: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka usikimbilie kununua busta. Kwenye injini za dizeli za Hilux, 2L na 3L, pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya altaneta, na yenyewe ndiyo huchoka. Mpira wa vakyumu uliopasuka pia huleta shida hiyohiyo, na huo unagharimu kidogo sana.

4. Pedi, shuu na dramu

Kwa kubeba mzigo chagua pedi zenye chembe za chuma. Zile laini zisizo na kelele ziache kwenye magari ya familia. Diski imeandikwa unene wake wa mwisho na dramu kipenyo chake cha mwisho, kwa hiyo kabla ya kupeleka kwa fundi wa lethi kuchonga, soma kwanza. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa, linaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Shuu za nyuma, zile zinazobana dramu kwa ndani, kwenye Hilux hujirekebisha kila unapovuta breki ya mkono. Dereva anayeegesha kwa gea peke yake, asiyegusa breki ya mkono mwaka mzima, ndiye anayelalamika kwamba pedali iko chini.

Hapa nina jambo ambalo sijaona fundi akilisema bila kuulizwa. Nyuma, juu ya ekseli, kuna valvu yenye fimbo ndefu. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka, inaruhusu breki za nyuma kushika zaidi. Sasa mtu anaongeza majani ya springi ili abebe magunia zaidi ya mahindi ya Kibaigwa. Bodi inapanda, haishuki tena kama zamani, na valvu inadhani gari ni tupu muda wote. Magurudumu ya mbele yanabaki kufanya kazi yote, pedi zinaisha upesi, wewe unalaumu duka la spea. Ukiongeza springi, fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo. Hainunuliwi, ndiyo maana haina namba kwenye orodha hii.

5. Kalipa kubwa na diski nene

Hapa ndipo uboreshaji wenyewe unapoanza, na unafaa kwa wanaopanda na kushuka milima ya Nyang'oro au Kolo kila wiki. Diski nene zenye nafasi ya upepo katikati hupoa haraka, lakini zinadai kalipa pana zaidi. Nunua kalipa, diski na pedi za gari la aina moja, na pima kama rimu yako itapita. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi, hivyo pedali itakuwa ndefu, yaani itashuka zaidi. Ukiweka masta kubwa kufidia, pedali inapanda lakini mguu unatumia nguvu zaidi.

Mwenye Land Rover ya zamani yenye dramu nne, isiyo na busta, yeye aanzie hapa na busta iwe ya kwanza. Diski za mbele kwa Land Rover za kazi zilikuja na One Ten ya 1983.

6. Pawa stelingi

Raha, sikatai. Kugeuza gari mnadani ukiwa umejaza mbuzi, mabega yatakushukuru. Ila nunua seti nzima kutoka gari moja: boksi, pampu, mkono wa kuishikia, puli, tanki na hosi zake. Hapa mtumba unakubalika. Zungusha boksi mwanzo hadi mwisho kwa mkono, lisikwame popote. Kwa seti kamili mara nyingi utaagiza Gerezani, Dar es Salaam. Tuma picha na namba ya fremu, la sivyo utapokea ya gari jingine.

7. Diski za nyuma

Usinunue. Breki ya mkono itakusumbua, mgawanyo wa breki utavurugika, na ukikanyaga uzito mwingi unakwenda mbele hata hivyo.

Kazi ikiisha, kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kunaanzia gurudumu la mbali na masta. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, na ile valvu ya mzigo kama ina nati yake. Pitisha alaimenti. Jaribu gari tupu kwenye tambarare, halafu na nusu mzigo. Baada ya kilomita mia tano rudi chini ya gari uangalie pini za tairodi, moja moja.