Ununue nini cha kufunikia maungio ya waya ukikaa kando ya ziwa

Juzi nilifungua kiungo cha waya wa pampu hapa Igombe, hatua chache kutoka majini. Tepu nyeusi ilikuwa imelegea, gundi imechuruzika kama lami, na shaba ndani imeota kutu ya kijani. Waya huo hubeba volti 230, na watoto hupita pale peku. Fundi hakukosea kuunga, tulikosea kununua.

Ninachokiweka namba moja ni mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ni kijibomba chembamba cha plastiki. Unakivisha kwenye waya kabla ya kuunga (ukisahau, unakata na kuanza upya), kisha unakipuliza hewa moto mpaka kibane. Gundi inayeyuka, inajaza mianya, unyevu unakosa njia. Mingi husinyaa hadi nusu ya upana wake, kwa hiyo chukua unaokizidi kiungo kidogo tu. Kiberiti usitumie, kinaunguza upande mmoja. Usio na gundi uishie ndani ya nyumba.

Namba mbili ni tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Haina gundi: unaivuta, unaizungusha, na tabaka zinagandana zikawa kitu kimoja. Kwa taa za nje naipenda sana. Jua huzichosha nyingi za tepu hizi, basi malizia juu na tepu ya plastiki.

Hiyo ya plastiki, PVC, ndiyo iliyojaa madukani, na peke yake naiweka ya tatu. Ndani ya dari pakavu inatosha. Vuta kipande papo hapo dukani: nzuri hunyumbulika bila kupasuka, na gundi yake haibaki vidoleni. Tafuta roli iliyoandikwa volti 600 na nyuzi joto 80. Unapofunga, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia.

Konekta za kauri, vile vipande vya kubania waya kwa skrubu, ni za penye joto, kama hita, kwa sababu kauri haiyeyuki. Nje hapana, maji huingia kwenye matundu ya skrubu.

Selotepu ya karatasi, mfuko wa nailoni na kitambaa, viache kabisa. Kitambaa kikavu huzuia umeme, lakini kikilowa kinaupitisha, na huku kwetu umande wa alfajiri tu unatosha kukilowesha.

Kabla ya kugusa chochote, zima meni swichi na upime kwa testa.