Tochi ya kalamu yenye kipimo cha mboni: nunua mwanga, viduara ni nyongeza

Tochi hizi hazikosekani katika maduka ya vifaa vya hospitali katikati ya Nairobi: nyembamba kama kalamu, klipu ya kubana mfukoni, betri mbili za AAA, na ubavuni viduara vyeusi vya kulinganishia ukubwa wa mboni, kwa kawaida kuanzia milimita 2. Nyingi hazifiki shilingi elfu moja. Kwa bei hiyo inafaa kuwa nayo, mradi ujue kwamba kazi kubwa, yaani kuona kama mboni mbili za mtu zinalingana na zinasinyaa sawasawa, inafanywa na mwanga.

Viduara vyenyewe vina hila. Vimechapwa kwenye bomba la mviringo, kwa hiyo vinaonekana vyembamba kuliko vilivyo. Bomba likiwa na kipenyo cha milimita 12, kiduara cha milimita 8 huonekana kama 7.4 kwa upana, hivyo kisome kwa kufuata urefu wa tochi. Kabla hujalipa weka rula juu ya kiduara cha 5, maana nyingine zimechapwa ovyo, na ukiipangusa kwa spiriti kila siku chapa inafutika. Zile zinazowashwa kwa kubonyeza klipu huwaka zenyewe mfukoni, ukaja kuihitaji ukakuta betri zimekufa.

Chagua yenye mwanga wa manjano. Mweupe mkali unaoelekea buluu humfanya mtu afumbe macho na kutoa machozi, na huoni kitu. Macho yetu mengi ni ya kahawia iliyokoza, hivyo ukimulika moja kwa moja mbele, mboni na duara linaloizunguka huchanganyika. Mulika kutoka chini ya kidevu au pembeni, na ukingo wa mboni utajitokeza.

Funga mapazia, zima taa. Mwambie mtu atazame ukuta ulio mbali, mita tatu au zaidi; akitazama tochi iliyo karibu, mboni husinyaa hata bila mwanga. Mulika kwa upole kutoka chini na ulinganishe macho yote mawili. Kisha washa taa za chumba, linganisha tena. Mwisho mulika kila jicho sekunde mbili au tatu: mboni zote mbili zinapaswa kusinyaa pamoja, hata ile isiyomulikwa.

Tofauti ya ukubwa kati ya mboni mbili ikiongezeka gizani, mboni ndogo ndiyo yenye kasoro, imeshindwa kufunguka. Ikiongezeka mwangani, kubwa ndiyo iliyogoma kusinyaa. Ikibaki ileile gizani na mwangani, isizidi milimita 1, zote zikisinyaa upesi na kope zikiwa sawa, huenda ndivyo alivyoumbwa. Takriban mtu mmoja kati ya watano yuko hivyo. Tafuta picha zake za zamani kwenye simu, uzikuze. Kama tofauti ilikuwepo miaka mitano iliyopita, muone daktari wa macho kwa wakati wako.

Zipo sababu nyingine zisizo za kutisha. Barakoa ya mashine ya kuvutia dawa ya pumu ikivuja upande mmoja, dawa ya ipratropiamu huingia jichoni na kupanua mboni. Mtu aliyeng'oa gugu la mnanaha (datura) shambani kisha akajikuna jicho hupata vivyo hivyo. Mtoto wa jicho, ambaye wengi humlaumu, peke yake habadilishi ukubwa wa mboni.

Lakini kuna hali ambazo tochi inawekwa chini mara moja. Mtu amegonga kichwa, tuseme ameanguka na bodaboda, kisha mboni moja imepanuka na anasinzia, anatapika au anachanganyikiwa: ubongo unaweza kuwa unabanwa, na kila dakika ni muhimu. Mboni kubwa pamoja na kope lililoanguka, kuona vitu viwili, au kichwa kilichoanza kuuma ghafla kwa nguvu: huenda mshipa wa damu kichwani umevimba na unakandamiza neva ya jicho. Mboni ndogo, kope limeshuka kidogo na shingo inauma: mshipa wa shingoni unaweza kuwa umechanika kwa ndani. Jicho jekundu linalouma, taa zinaonekana na miduara ya rangi: presha ya jicho imepanda.

Hizo tatu za kwanza usizipeleke duka la miwani. Nenda hospitali yenye idara ya dharura ya saa 24 na mashine ya CT (ya kupiga picha za ndani ya kichwa), kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Jicho jekundu lenye presha nalo ni la siku hiyohiyo, kwa daktari wa macho. Usitie matone yoyote kabla hajaonwa, maana dawa ikibadilisha mboni, daktari hupoteza dalili.

Andika kwenye karatasi uende nayo: "kulia 3, kushoto 5, taa zikiwa zimewaka, saa mbili usiku."