Una ampu ya zamani ya wati 15? Hizi ndo spika ndogo za bei nafuu za kuangalia

Watu wengi wenye hizi ampu na risiva za miaka ya 70, kina Marantz 2215B, Pioneer SX-450, NAD 3020 na wenzake, wakienda kutafuta spika swali la kwanza ni "zina wati ngapi?" na muuzaji naye anajibu fasta, wati 200, wati 300, kuna mpaka maboksi yameandikwa PMPO 3000 (eti wati za kilele), afu mtu anafika nyumbani anaunga waya anazungusha volyumu mpaka inapita nusu na mziki bado haujajaa chumba. Wati zilizoandikwa nyuma ya spika ni kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia kabla haijaungua, hazikuambii chochote kuhusu italia kwa nguvu gani. Na hiyo PMPO msiitazame kabisa, ni ya kupamba boksi tu.

SX-450 na 2215B ni wati 15 kila upande, NAD 3020 iliyotoka 1978 ni wati 20, na hizo ni wati za kweli. Kwa ampu ya namna hiyo namba ya kutafuta ni desibeli, yaani spika inatoa sauti kiasi gani ukikaa mita 1 na kuipa wati 1. Hapa ndo pesa ilipo manake kila desibeli 3 zikiongezeka ni kama umeongeza nguvu ya ampu mara mbili. Spika ya desibeli 91 kwenye wati 15 italia sawa na spika ya desibeli 85 kwenye wati 60, fikiria hapo umeokoa hela ya ampu nzima! Kwa sebule ya kawaida mi naweka mstari kwenye 87, chini ya hapo labda kama unasikiliza taratibu usiku mezani pako.

Ila kuna ujanja mmoja wa makampuni. Siku hizi wanapima kwa volti 2.83, ambayo kwenye spika ya omu 8 (omu ni ukinzani wa spika kwa umeme) ni wati 1 kweli, lakini kwenye spika ya omu 4 tayari ni wati 2, kwahiyo ile 88 unayoiona kwenye spika ya omu 4 ukiirudisha kwenye wati 1 inakuwa 85. Soma desibeli na omu pamoja, ukisoma moja bila nyingine unadanganywa.

Na omu zenyewe ni muhimu kwa hizi ampu kongwe. Omu 8 ndo salama, omu 6 nyingi zinavumilika kama hupigi disko, omu 4 iache hata kama ampu imeandikwa inaikubali, ukipandisha volyumu inaweza kuchemka. Angalia nyuma ya risiva yako pale pa kufungia spika, mara nyingi kuna A na B (nafasi za pea mbili za spika) na maandishi kwamba ukitumia A peke yake ni omu 4 mpaka 16, ukiwasha A na B pamoja ni omu 8 kwenda juu, kwa sababu pea mbili za omu 8 zikilia pamoja ampu inaona omu 4.

Haya tuzipange sasa.

Namba 1 kwangu ni mtumba. Najua kuna watu watabisha ila pea ya mtumba ya njia mbili (wufa ya besi na twita ya sauti nyembamba), wufa inchi 6 mpaka 8, omu 8, boksi la mbao ya ukweli, ndo aina ya spika iliyozaliwa zama moja na ampu yako. Enzi hizo wati zilikuwa ghali kwahiyo watengenezaji wengi walitengeneza spika zinazolia na wati chache. Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi (utazisikia zikiitwa ex-UK), popote pale wanapouza redio zilizotumika, pitia. Usitafute jina kubwa, jina kubwa linapandisha bei tu. Tafuta uzima.

Uzima unaupimaje? Toa kitambaa cha mbele kwanza, muuzaji akikataa kukitoa ondoka zako. Gusa ule mduara wa pembeni ya koni (ile sehemu inayotikisika) kwa kidole gumba, taratibu. Kama ni mpira au kitambaa kilichopakwa gundi hongera, kama ni sponji na kidole kimetoka na unga mweusi unaonatanata basi imeoza, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Sponji iliyooza sio mwisho wa dunia, zinauzwa mpya kwa saizi na fundi mwenye mkono mtulivu anazibandika, ila hiyo ndo sababu yako ya kushusha bei. Afu sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku, hiyo achana nayo. Mwisho chomeka testa (mita ya fundi, uiweke kwenye omu) kwenye vituo vya nyuma, spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 mpaka 7, ikisoma 3 na kitu ujue ni ya omu 4 hata kama stika inasema vingine. Testa haikuonyeshi twita kwa sababu kuna kapasita katikati, twita unaipima kwa sikio, weka mziki kwa sauti ndogo na usogeze sikio kwenye kila twita, zote mbili zilie sawa.

Namba 2, kama unataka ya dukani: Klipsch R-51M. Desibeli 93 kwa maelezo ya kampuni, omu 8, wufa inchi 5.25. Vipimo vya watu wasio wa kampuni kwa Klipsch huwa vinatoa namba ya chini kidogo kuliko ya kampuni, lakini hata ukikata 3 bado uko 90 na hapo wati 15 zinatosha na kubaki. Tatizo lake ni ile honi ya twita, inalia mbele sana, matarumbeta ya rumba yanaweza kukuchoma masikio ukikaa nayo masaa mawili. Bahati nzuri ampu yako ya zamani ina kitufe cha trebo, kirudishe nyuma kidogo mambo yanakaa sawa, hilo ndo jambo ambalo wenye ampu za kisasa zisizo na vitufe hawawezi. Hizi zimeshaacha kutengenezwa kuipisha R-50M kwahiyo zitafute zilizotumika. Mdogo wake R-41M ana desibeli 90 na wufa ya inchi 4, anafaa chumba cha kulala, besi usitegemee.

Namba 3: Wharfedale Diamond 12.1. Desibeli 88, omu 8. Kwa masikio yangu ndo spika tamu kuliko zote kwenye orodha hii kwa sauti za watu, taarab, kwaya, mtu na gita lake. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya hizo desibeli tu. Mwenye NAD 3020 na chumba cha mita 4 kwa 4 apindue orodha yangu aanze na hii. Q Acoustics 3020i nayo ina 88 ila ni omu 6, ukiikuta kwa bei nzuri chukua.

Namba 4: Sony SS-CS5. Desibeli 87, omu 6, ni ya njia tatu, na Marekani mara nyingi imeuzwa chini ya dola 200 kwa pea, kwahiyo kama una ndugu anarudi na begi lina nafasi muombe. Haina maajabu, inalia vizuri bila kelele, basi.

Namba 5: Dayton Audio B652. Hizi ni za kuanzia maisha kabisa, wufa inchi 6.5, desibeli 87, omu 6, boksi ukiligonga linalia kama debe, lakini kwa hela yake hakuna wa kuzilaumu.

Za kuziacha, na hapa watu watanuna: ELAC Debut B5.2 ni spika nzuri, kila mtu anaisifu na wanastahili, ila ina desibeli 86 kwa omu 6 na inataka ampu yenye misuli. Zile ndogo za aina ya LS3/5A, zilizobuniwa na shirika la utangazaji la BBC, desibeli zake ni 82 au 83, kwa wati 15 utasikia taarifa ya habari vizuri sana na mziki wa dansi utausikia kwa mbali. Spika za mini kompo nyingi ni omu 4 au 6 na boksi ni jepesi. Spika za gari ni omu 4, zimetengenezwa kwa ajili ya gari, ziache kwenye gari.

Kabla hujaunga spika mpya kwenye ampu kongwe ipime ampu kwanza. Washa bila spika, volyumu sifuri, testa kwenye volti DC, gusa vituo vya spika vya kila upande. Ikisoma chini ya milivolti 50 endelea, ikisoma volti nzima mpelekee fundi, hiyo itachoma wufa wakati wewe unashangaa nani kaunguza. Na kama ampu imetoka Japani soma nyuma: zilizotengenezwa kwa soko la kwao ni volti 100, ukichomeka kwenye 230 yetu moja kwa moja unapoteza ampu siku hiyohiyo, nunua transfoma ya kushusha.

Waya usinunue wa bei ya kutisha, chukua flexibo (waya laini) ya milimita za mraba 1.5 duka la vifaa vya umeme, menya ncha, bana kwenye vile vishikizo vya springi.

Na kile kitufe cha loudness, kinachoinua besi: usiku kwa sauti ndogo kiwashe, spika ndogo zinapata mwili. Wakija wageni ukataka kupandisha, kizime kwanza, kwa sababu kuinua besi kwa desibeli 10 kunataka nguvu mara 10 pale kwenye besi na wati zako ni 15 tu. Ampu ndogo ikilazimishwa inaanza kukwaruza, na ule mkwaruzo ndo unaounguza twita. Ukisikia sauti imeanza kuchanika, rudisha volyumu nyuma hapohapo.