Fairchild FC-2: ndege iliyojengwa kwa ajili ya kamera

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo ni zamu ya ndege ya mwaka 1927, Fairchild FC-2, na nitaipima kwa jicho la mtu wa ramani.

Mwenye kuitengeneza, Sherman Fairchild wa Marekani, alianza na kamera. Mwaka 1921 aliunganisha picha 100 za angani zikawa ramani ya Manhattan. Shida ilikuwa ndege zenyewe: rubani na mpiga picha walikaa wazi, baridi ya juu ikiwachapa. Vidole vikishaganda, utabadilishaje filamu huku unahesabu sekunde? Picha za ramani lazima zipandane, kila moja irudie zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Ukichelewa kidogo tu umeacha pengo, na pengo hulioni mpaka filamu isafishwe, ndege imeshatua zamani. Mimi narusha droni, na pengo la namna hiyo limewahi kunirudisha shamba moja mara mbili. Linauma.

Basi Fairchild akajenga ndege ya kwake. FC-1 iliruka mwaka 1926, FC-2 ikafuata. Tazama hapa kwenye picha: bawa limepita juu ya chumba, kwa hiyo ukichungulia chini unaona ardhi. Chumba kimefungwa na kinapashwa joto. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mpiga picha asiyetetemeka ndiye anayeleta mstari wa picha ulionyooka. Halafu mabawa yanakunjwa kuelekea nyuma, kama ya panzi, ndege ikaingia kwenye banda dogo. Kwa kazi ya kuhamahama, hiyo ni akili kweli.

Injini ya FC-1 siisifu. OX-5 ya nguvu za farasi 90 ilikuwa dhaifu kwa mwili ule, ikabidi waweke injini nyingine, Wright Whirlwind ya 200 hivi. FC-2 ikaja na Whirlwind tangu mwanzo, ikabeba rubani na watu wanne.

Na ni imara! Ndugu yake, FC-2W2, mpelelezi wa Kimarekani Richard Byrd aliipeleka Antaktika, bara la barafu la kusini, mwaka 1928. Walipoondoka mwaka 1930 waliiacha hukohuko, theluji ikaifunika. Msafara wake wa pili ukaifukua, ikaruka tena.