D'Hondt au Sainte-Laguë? Kanuni mbili za kugawa viti kwenye mizani

Pale ambapo wapiga kura huchagua orodha ya chama badala ya mtu, D'Hondt ndiyo kanuni utakayoikuta mara nyingi: Hispania, Ureno, Uturuki, Israel. Sifa yake kubwa ni wepesi. Gawanya kura za kila chama kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea, panga majibu yote kuanzia lililo kubwa, kisha shuka nayo ukitoa kiti kimoja kimoja hadi viishe. Karani mmoja mwenye kalamu na karatasi anatosha.

Tuijaribu. Jimbo lina viti 5 na kura halali 100,000: chama A 42,000, B 31,000, C 16,000, D 11,000. Majibu matano ya juu ni 42,000, 31,000, 21,000, 16,000 na 15,500. A anapata viwili, B viwili, C kimoja. D anarudi mikono mitupu na kura zake elfu kumi na moja.

Kanuni ya pili, Sainte-Laguë, hugawanya kwa 1, 3, 5, 7. Jibu la pili la A linashuka hadi 14,000, la pili la B hadi 10,333, na hapo D mwenye 11,000 anampita B. Kiti cha tano kimehama, na hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo.

Sainte-Laguë ni ya haki zaidi kwa vyama vidogo, lakini ina tundu. B akijipasua vyama viwili vyenye kura 15,500 kila kimoja, majibu ya juu yanakuwa 42,000, 16,000, 15,500, 15,500 na 14,000. Mapacha hao wameondoka na viti viwili, D nje. Kanuni imewalipa kwa kuvunjika! D'Hondt haina ugonjwa huo: chama hakiongezi viti kwa kujigawa, na vyama viwili vikiungana, kura zikabaki zilezile, havipotezi kiti. Ndiyo maana miungano ya kabla ya uchaguzi hustawi chini yake.

Norway walilipunguza tundu hilo kwa kiraka: mgawanyo wa kwanza si kwa 1 bali kwa 1.4. D anabaki na 7,857, B na 10,333 yake, kiti kinarudi kwa B. Sweden walilegeza kiraka chao hadi 1.2 kuanzia uchaguzi wa 2018. Kwa maoni yetu hili lenye kiraka ndilo toleo bora la Sainte-Laguë. Lile la asili tungelitumia tu penye viti vingi au kizingiti cha kura, yaani asilimia ya chini ambayo chama lazima kiifikie ili kipate viti.

Hata hivyo, wanaobishana kuhusu kanuni mara nyingi wanasahau kuuliza jimbo lina viti vingapi. Uholanzi na Hispania zote hutumia D'Hondt. Uholanzi huhesabu nchi nzima kama jimbo moja la viti 150, na mwaka 2021 vyama 17 viliingia bungeni. Hispania imetawanya viti 350 katika mikoa 50 pamoja na miji ya Ceuta na Melilla. Mkoa wa Soria una viti 2 tu. Hapo chama cha tatu hakiwezi kupata kitu, kwa hiyo kizingiti cha kisheria cha 3% ni pambo. Wapiga kura wa chama hicho wakishalijua hilo, wengi huhamia kwa wakubwa wawili, na chama kinazidi kukonda. Jimbo likiwa na kiti 1, kanuni zote mbili hutoa jibu moja: A.

Kizingiti kikali nacho hakifai. Uturuki ilipokuwa na 10%, uchaguzi wa 2002 ulivusha vyama viwili tu. Chama cha AKP, kwa takriban 34% ya kura, kilichukua viti 363 kati ya 550, na karibu 45% ya kura zikaanguka nje ya bunge. Mwaka 2022 kizingiti kilishushwa hadi 7%. Sisi tungeishia 5%.

Wanaohesabu mara nyingi hukosea hapa: kizingiti hupimwa kwanza, ndipo kugawanya kunaanza, na lazima ijulikane ni asilimia ya kura zipi. Hispania huhesabu kura zilizoachwa tupu kama halali, kwa hiyo kila karatasi tupu inapandisha kidogo ile 3% ambayo chama kidogo kinapaswa kuifikia.