Reggae ya Agosti: Mama Ngina au Pirates?
Tamasha la reggae la kila mwaka likiwekwa Mombasa mwezi wa Agosti, mimi nachagua Mama Ngina, bustani ya umma kando ya bahari karibu na feri ya Likoni. Pirates, ufuo wa umma upande wa kaskazini, pana raha yake, na watu wa Mtwapa na Bamburi wanafika upesi. Lakini Agosti ni kusi: upepo unaibeba sauti, mchanga unaingia kwenye spika, na maji yakijaa ufuo unabaki mwembamba. Reggae isiyotikisa kifua kwa besi ina ladha gani? Mama Ngina, tangu ukarabati wa 2019, pana ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Kuna mibuyu, madafu, mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu. Wa Likoni wanashuka feri, wanatembea tu.