Nailoni ya matandazo kwa mahindi ya mvua: pima nafasi kabla ya kutoboa

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena shambani. Leo nipo hapa Kongwa, Dodoma, na rola hili mnaloliona ni nailoni ya matandazo, ile wengi tunaiita malchi. Upana mita 1.2, urefu mita 400, unene maikroni 25, upande mmoja rangi ya fedha na mwingine mweusi. Mmeniuliza sana kama inafaa kwa mahindi ya mvua. Nimeitumia msimu mzima mpaka mavuno, sasa naweza kuwajibu.

Kwanza tazameni hili tuta. Mwenye umwagiliaji wa matone hupanda nyanya zake juu ya tuta. Wewe unayetegemea mvua usifanye hivyo jamani! Maji yatateleza juu ya nailoni yaende zake, mche ubaki na kiu. Mimi nimefuata njia ya wakulima wa Gansu, China, wanaolima bila kumwagilia: tuta pana la sentimita 70, tuta jembamba la sentimita 40, nailoni inafunika yote, na mahindi yanakaa mferejini, katikati ya matuta. Hata mvua ndogo inateremka mferejini na kuingia kwenye matundu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lanzhou waliijaribu pia Kenya, kwenye maeneo makavu kama yetu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Sisi tumezoea sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Hiyo ni kama miche 18,000 kwa ekari. Kwenye matuta haya mistari iko karibu zaidi, wastani wake sentimita 55. Ukibaki na 30 yako ya mazoea, umeshapanda miche zaidi ya 24,000 bila kujua! Ili urudi kwenye 18,000 lazima utoboe kila sentimita 40.

Muuzaji aliniambia nibananishe tu, kwa kuwa nailoni inatunza maji. Nikagawa kipande: huku 30, kule 40. Wiki sita za mwanzo upande wa 30 ulipendeza mno, kila apitaye njiani anausifia. Mvua ikakatika mbelewele zilipoanza kutoka. Saa nne asubuhi majani ya upande ule yalikuwa yamejikunja. Wakati wa kuvuna nikakuta mabua mengi hayana hindi, mengine yana punje nusu gunzi. Upande wa 40 ulivumilia, mahindi yakajaa mpaka nchani.

Nailoni inazuia jua lisinyonye maji ya udongo, lakini haizuii mmea kunywa. Miche ikiwa mingi na mikubwa, akiba inaisha mapema, tena wakati ule ule mmea unapotaka kubeba. Hata Gansu kwenyewe, penye mvua chache zaidi wanaachanisha zaidi. Kwa hiyo kwetu huku, anza na 40. Ukiwa na mvua nzuri za nyanda za juu, unaweza kusogea kidogo kidogo.

Rangi: fedha juu, nyeusi chini. Nyeusi inaua magugu, palizi niliisahau kabisa. Ile angavu, inayopitisha mwanga, usinunue kwa joto letu, inapasha udongo na magugu yanaota humo humo ndani. Unene nao muangalie. China yenyewe ilipandisha kiwango cha chini hadi maikroni 10 mwaka 2018, kwa sababu nyembamba inachanika na vipande vinabaki udongoni. Hii ya 25 niliitoa karibu nzima, ila mikono iliuma siku mbili.

Gharama ndiyo inayoniumiza. Ekari moja kwa mtindo huu inataka rola tisa na kidogo. Kwa mahindi ya kuuza makavu, sikushauri ufunike ekari nzima. Chukua rola moja, ni kama sehemu moja ya tisa ya ekari hivi, upande mahindi ya kuchoma. Mimi msimu ujao nafanya hivyo, mfereji huu huu, nikiwa na kamba yenye mafundo ya sentimita 40.